Udongo wa kando ya mto nao huchoka

Hapa Bukavu, ukinunua mchele wa bonde la Ruzizi, mto unaoteremka hadi ziwa Tanganyika, kwenye soko la Kadutu, utaambiwa: "Udongo wa kule hauchoki, mto unaulisha." Neno hilo nimelisikia tangu utotoni, na lina nusu ya ukweli. Mto ukifurika huacha tope lenye madini. Lakini naitrojeni, inayoupa mpunga na mahindi ule ukijani wake, hutoka zaidi kwenye majani na mizizi inayooza, vitu ambavyo tunavifyeka na kuvichoma kila msimu. Tena maji yakienda kasi hayaachi tope laini, huacha mchanga mtupu.

Chimba kidogo kwa jembe palipo na matete: udongo mweusi, umeshikamana kama tonge la bugali, vijizizi vimeupenya kama nyuzi. Sogea hatua kumi hadi shamba lililolimwa mpaka ukingoni: umepauka, unapukutika mkononi. Mvua kubwa ikija, ukingo huo ndio unaobomoka.

Naumia nikiona matete na mafunjo yanaitwa uchafu. Ukanda wa mimea hiyo ukiachwa ukingoni, hupunguza kasi ya maji, na tope laini hutua shambani badala ya kuishia ziwa Tanganyika.