Mwanza inachanua: fuata mvua, kisha fuata saa

Kila ifikapo mwishoni mwa Septemba huanza kutumiwa picha za miti kwenye simu. Mtu amepita Isamilo au Capri Point, amekuta mjakaranda umevaa zambarau tupu, hauna jani hata moja, ananiuliza umepatwa na nini na mbona mvua yenyewe haijanyesha. Mimi ni mtaalamu wa mimea, na miti ya mjini ndiyo kazi yangu. Swali hili nalipenda kuliko yote ninayoulizwa, kwa sababu ukishapata jibu lake unajua utoke lini kutembea, upite wapi, na hata saa ngapi.

Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya maua. Micheri ya Japani, kwa mfano, lazima ipigwe na baridi ya kutosha kwanza, halafu hali ya hewa ikianza kupata joto, vitumba vinafunguka. Sisi hatuna baridi ya namna hiyo. Mwanza iko kama nyuzi 2.5 tu kusini mwa ikweta, na tofauti kati ya mchana mrefu kuliko yote na mfupi kuliko yote katika mwaka haifiki hata dakika 20. Mti wa Mwanza ukitegemea joto na urefu wa mchana utangoja sana. Kwa hiyo unahesabu maji.

Kiangazi kinapokolea, kuanzia Juni, udongo unakauka na mjakaranda unaanza kupukutisha majani, maana jani ndiko maji yanakopotelea. Unabaki na akiba iliyomo kwenye shina na mizizi. Akiba hiyo ndiyo inayofungua maua vuli inapokaribia, na kwa kuwa matawi yako wazi, nyuki wanaiona ile zambarau kutoka mbali bila kitu cha kuwazuia. Majani mapya yatakuja baadaye, maji yakishakuwepo. Kwa hiyo mti usio na majani mnamo Oktoba si mti mgonjwa. Nimewahi kusikia watu wakipanga kuukata wakidhani umekufa, na iliniuma kweli.

Mkrismasi, ule mwekundu wenye mwavuli mpana, hauna haraka hivyo. Wenyewe husubiri mvua za vuli ziingie, ndipo unawaka Novemba na Desemba huku majani mabichi yakitoka pamoja na maua. Asili yake ni Madagaska, na mjakaranda umetoka Amerika ya Kusini, upande wa Bolivia na Argentina. Wa nyumbani kabisa ni mwambangoma. Ukitoka nje ya mji kuelekea Kisesa na Magu, tafuta mti mfupi wenye gome nene lenye nyufa na maua mekundu ya rangi ya kaa la moto juu ya matawi makavu. Hapo ndipo utawakuta chozi, wale ndege wadogo wenye mdomo uliopinda, wakinyonya mbochi, yaani maji matamu ya ua. Nyuki hawauoni wekundu vizuri, ndege wanauona sana, na maua mengi mekundu ya Afrika yanategemea wateja wenye mabawa ya manyoya. Mbegu zake nyekundu zenye doa jeusi zinapendeza mno, lakini zina sumu, kwa hiyo usimwachie mtoto azichezee.

Sasa kuna jambo la Mwanza peke yake ambalo naomba ulitazame kwa macho yako. Miti miwili ya aina moja, mtaa mmoja, inaweza kupishana wiki kadhaa kuchanua. Sababu ni mawe. Jabali la graniti halinywi maji. Manyunyu yakianguka juu yake yote yanateremka, yanajikusanya pale chini, na mti uliosimama kwenye kitako cha jabali unapata maji maradufu kuliko jirani yake aliye kwenye uwanda. Ule ulioota juu ya udongo mwembamba, jiwe likiwa chini yake kidogo tu, unahisi ukame kabla ya wote na unapukutisha mapema. Ndiyo maana msimu wetu hauishi kwa wiki moja kama wa micheri. Unapanda na kushuka vilima, Bugando kwa wakati wake, Isamilo kwa wakati wake, na anayetembea kila wiki siku zote ana kitu cha kukiona.

Usitazame juu tu. Okota ua la mjakaranda lililoanguka asubuhi, kabla halijakanyagwa. Ni kibomba cha urefu wa kama sentimita 5. Kipasue taratibu kwa ukucha. Ndani, kati ya stameni fupi, yaani vijiti vinavyobeba chavua, utakuta ujiti mrefu wenye vinywele vingi kama mswaki. Huo hauna chavua kabisa, kazi yake ni kumsaidia mti kumshughulikia nyuki anapoingia. Halafu okota la mkrismasi: petali nne ni nyekundu na ya tano imesimama peke yake, nyeupe au ya njano, ina michirizi myekundu. Kwenye kibobakasi, mti wa Afrika wenye vikombe vya rangi ya chungwa iliyoiva, bonyeza kitumba ambacho hakijafunguka: kitakurushia maji. Watoto wanaujua mchezo huu vizuri kuliko sisi wakubwa.

Bogenvilia iko kila ukuta wa Capri Point, na watu wengi wanadhani ile waridi au zambarau ni petali. Ni majani yaliyobadilika rangi. Chungulia katikati utakuta vijimirija vitatu vyeupe, na hivyo ndivyo maua yenyewe. Philibert Commerson, mtaalamu wa mimea wa Ufaransa, aliukusanya Rio de Janeiro mwaka 1767 akiwa katika msafara wa Bougainville, ndiyo maana unabeba jina la nahodha yule. Ukitaka wako uchanue, punguza kuumwagilia. Maji mengi yanakupa majani na miiba tu.

Kuhusu saa, nina ushauri ambao ningependa kila mtembezi aujaribu. Mchana kweupe, jua likiwa utosini, rangi zote zinafifia na mawe yanarudisha mwanga machoni. Ni saa mbaya. Alfajiri na jioni ndizo saa zenyewe, lakini rangi hazifanani. Mwaka 1819 Jan Purkinje, mwanasayansi wa Bohemia, aligundua kwa kutazama maua kwamba mwanga ukipungua, nyekundu huzima kwanza na kuwa kama nyeusi, huku bluu na rangi zilizo jirani nayo zikibaki na nguvu. Ni jicho letu ndilo linalobadilisha namna ya kuona. Kwa hiyo jioni anza na mikrismasi, saa kumi hivi, jua likiwa linapita pembeni na kila petali imewaka. Kisha teremka taratibu kuelekea ziwani, ukamalizie na zambarau. Oktoba jua linazama muda mfupi baada ya saa kumi na mbili na nusu, na giza la huku kwetu haliji polepole, kwa hiyo ukichelewa umekosa. Dakika kumi na tano za mwisho, mjakaranda ukiuona upande wa Jiwe la Bismarck, lile jabali lililosimama ziwani, na anga likiwa limeingia bluu, zambarau ile inakuwa kama ina taa ndani. Siku ya mawingu baada ya mvua nayo ni nzuri mno, hata mchana.

Ukifika ufukweni utaona zambarau nyingine juu ya maji. Magugu maji yana ua zuri, sibishi: petali ya juu ina doa la njano lililozungushiwa bluu. Ila mmea huu wa Amerika ya Kusini uliingia Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980 na ukafunga mialo, mitumbwi ikashindwa kutoka. Wadudu maalumu walioletwa miaka ya 1990 walisaidia kuupunguza. Piga picha, furahi, lakini usibebe hata kipande ukakipande kwenye bwawa la nyumbani.

La mwisho ni kwa wenye miti uani. Vitumba vya mjakaranda na mkrismasi hutokea kwenye ncha za matawi. Anayekata matawi Agosti amekata maua ya mwaka mzima, na nimeona mtaa mzima ukinyolewa hivyo wiki chache kabla ya msimu. Ngoja maua yaishe, ukate kati ya Januari na Februari, kabla masika hayajaingia. Toa tawi linalokusumbua tu, likatwe karibu na shina bila kulichubua gome, na usikubali fundi akuambie kwamba lazima akate kilele.