Otogainefilia: yanayosemwa na yaliyopimwa

"Daktari, nimesoma, hii kitu imeshathibitishwa kisayansi." Hivyo ndivyo huanza wake wengi wanaokuja kwangu baada ya mwenzi kuwaambia kuwa yeye ni mwanamke. Wazazi nao huja na maneno yaleyale, na mara nyingine huja mhusika mwenyewe, amesoma usiku kucha hadi amejihukumu. Mimi ni mwanasaikolojia hapa Toronto, na nadharia wanayoitaja ilizaliwa mjini humuhumu, katika Taasisi ya Clarke, ambako Ray Blanchard alikuwa akiwachunguza waliotaka kubadili jinsia. Jina la otogainefilia alilitoa mwaka 1989: mtu aliyezaliwa mwanamume kusisimka kimapenzi kwa kujiwazia kuwa mwanamke. Wanawake transjenda, yaani waliozaliwa wanaume lakini wanajitambua kuwa wanawake, akawagawa mafungu mawili, wanaovutiwa na wanaume tu, na wengine wote, ambao alisema hamu yao ya kuwa wanawake chanzo chake ni msisimko huo.

Dhana: "Kama amewahi kusisimka, basi tamaa ndiyo chanzo."

Hii ndiyo inayonichosha. Kwamba wapo wanawake transjenda waliowahi kusisimka hivyo, hakuna ubishi, waliulizwa wakakubali. Lakini yatazameni maswali yenyewe. Dodoso la Blanchard linauliza kama umewahi kusisimka ukijiwazia una mwili wa kike. Umewahi! Mtu wa miaka hamsini akikumbuka jambo la ujanani, anajibu ndiyo. Na aliyetamani tangu utotoni kuwa msichana, siku akibalehe, katika mawazo yake ya mapenzi atajiona ana mwili gani kama si ule anaoutamani? Msisimko unaweza kuwa umetokana na utambulisho badala ya kuuzaa, na dodoso la namna hiyo haliwezi kukwambia kipi kilitangulia.

Halafu, wa kulinganishwa nao wako wapi? Mwaka 2009 mtafiti Charles Moser aliwauliza maswali ya aina hiyo wanawake 29 wasio transjenda, wafanyakazi wa hospitali. Kwa kipimo chepesi, asilimia 93 walikuwa na otogainefilia. Kwa kipimo kikali, asilimia 28. Watetezi wa nadharia walijibu kwamba kusisimka unapovaa kwa ajili ya mpenzi si sawa na kusisimka kwa kule kuwa mwanamke tu. Hoja hiyo ina uzito, na watu 29 ni wachache. Ila kazi ya kulinganisha ilipaswa kutangulia tangazo la ushindi.

Na yule anayekana? Anaambiwa anaficha. Niwatendee haki: mwaka 1986 Blanchard na wenzake waliwapima maabara wanaume wanaovaa nguo za kike, na hata miili ya waliokana ilionyesha msisimko. Lakini kutoka hapo hadi kusema kila anayekana ni mwongo ni mbali sana. Tena wanaotumia homoni hamu huwashuka, na bado utambulisho uko palepale. Blanchard alilijibu hilo kwa mfano wa ndoa ya miaka mingi: hamu hupoa, mapenzi hubaki. Kwa hiyo akikubali, imethibitika. Akikana, anaficha. Hamu ikiisha, imegeuka mapenzi. Sasa ni jibu gani mtu angetoa likawaonyesha kuwa wamekosea?

Dhana: "Mafungu ni mawili, hakuna katikati."

Utafiti wa New York uliochapishwa 2011, wa wanawake transjenda 571, ulikuta msisimko wa kuvaa nguo za kike hautofautiani kwa wanaovutiwa naye tu, bali pia kwa umri na rangi. Vijana na wasio Wazungu waliuripoti kwa uchache. Mwelekeo upo, ukuta hakuna.

Dhana: "Imo kwenye DSM."

DSM ni kitabu cha Wamarekani cha kuainisha magonjwa ya akili, na imo katika toleo la 2013, chini ya tatizo la kuvaa nguo za jinsia nyingine. Chini ya dhiki ya kijinsia, yaani mateso ya kuishi katika mwili usiolingana na unavyojitambua, haimo, na toleo hilohilo liliacha kuwagawa watu kwa kuangalia wanavutiwa na nani. Someni ukurasa wenyewe, si picha yake.

Dhana: "Blanchard alipinga upasuaji."

Hapana. Aliuunga mkono kwa waliochunguzwa vizuri. Wanaolitumia jina lake kutaka kliniki zifungwe hawajamsoma.

Dhana: "Ni uzushi mtupu, hakuna mtu wa hivyo."

Hii hutoka upande wa pili, na nayo si kweli. Anne Lawrence, daktari ambaye mwenyewe ni transjenda, aliitetea nadharia na kukusanya simulizi za wanaojiona ndani yake. Mteja akiniambia hiyo ndiyo hali yake, simbishii. Namuuliza anataka kuishi vipi.

Na swali langu kwa wote ni lilelile, wenzangu kazini hunicheka kwa kulirudia: Jumatatu saa mbili asubuhi, uko kwenye foleni ya basi, baridi, umechelewa kazini, ungependa dereva akuite nani? Hapo hakuna mtu aliyesisimka. Jibu hilo hunisaidia kuliko dodoso zima.

Akina mama, acheni kunitaka niwaambie mwenzio yuko fungu lipi. Kama umeumia, umeumia, huhitaji nadharia ya Toronto ikupe ruhusa. Miadi ya kwanza uje peke yako tuzungumze kuhusu ndoa yako. Yeye atakuja ya pili.