Damu kwenye mkojo: maana yake, vipimo na tiba

Damu kwenye mkojo ni dalili kwamba kuna mahali panapovuja damu katika njia ya mkojo, kuanzia kwenye figo hadi kwenye tundu la kutolea. Iko inayoonekana kwa macho, mkojo ukawa wa pinki, mwekundu au wa rangi ya chai. Iko pia isiyoonekana, ambayo maabara huithibitisha ikiona seli nyekundu 3 au zaidi katika eneo moja la hadubini inayokuza mara 400.

Kijiti cha kupimia mkojo hakitoshi peke yake. Hubadilika rangi kikikutana na himoglobini (kinachoipa damu wekundu wake), hata ile iliyomwagika kutoka kwenye seli zilizopasuka mwilini. Kwa mkoa wenye malaria kama Tabora jambo hili ni zito: mtoto mwenye malaria kali anaweza kukojoa mkojo mweusi kama Coca-Cola, kijiti kikaonyesha damu nyingi, hadubini isione seli. Huyo damu yake inapasuka ndani ya mishipa. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo, atibiwe malaria kwa sindano, apimwe wingi wa damu na utendaji wa figo. Anayemeza rifampisini ya kifua kikuu, kinyume chake, hukojoa mkojo wa rangi ya machungwa au mwekundu usio na damu yoyote. Mwanamke aliye hedhini asubiri imalizike ndipo apime.

Kabla ya vipimo, muulize mgonjwa damu inatoka wakati gani. Ikitoka mwanzoni mwa mkojo, chanzo huwa kwenye mrija wa kutolea mkojo nje. Ikitoka kuanzia mwanzo hadi mwisho, tafuta kwenye kibofu, mirija ya juu inayotoka kwenye figo, au figo zenyewe. Matone ya mwishoni yanayochoma huelekeza kwenye shingo ya kibofu, na kwa kijana wa Tabora wazo la kwanza ni kichocho.

Kichocho cha kibofu hutokana na minyoo ambayo vijidudu vyake hukulia ndani ya konokono wa maji yaliyotulia, kisha hupenya ngozi ya anayeoga, anayechota maji lamboni au anayepandikiza mpunga kwenye majaruba. (Kule Kigoma, ziwani, kinachojulikana zaidi ni kichocho cha tumbo, na damu yake hutoka kwenye kinyesi.) Mayai yake yana mwiba, nayo huchana ukuta wa kibofu yakitafuta njia ya kutoka.

Mayai hutoka kwa wingi kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, kwa hiyo mkojo wa alfajiri unaweza kudanganya. Mgonjwa atembee au arukeruke kidogo, kisha alete mkojo pamoja na yale matone ya mwisho. Mtaalamu autikise kabla ya kuvuta mililita 10 za kuchuja, maana mayai hutuama chini. Akivuta maji ya juu atajibu kwamba hakuna kitu.

Tiba ni prazikwanteli, miligramu 40 kwa kila kilo ya uzito, mara moja. Kwa vidonge vya miligramu 600, mtoto wa kilo 30 humeza 2 na mtu mzima wa kilo 60 humeza 4, baada ya kula ili kichefuchefu kipungue. Dawa huua minyoo iliyokomaa, lakini michanga husalia. Ndiyo maana mkojo upimwe tena baada ya wiki 6 hadi 8, na mayai hai yakionekana dozi irudiwe. Kwa wanawake kichocho hujeruhi pia uke na shingo ya kizazi, wakatoka damu baada ya tendo la ndoa. Wengi hutibiwa magonjwa ya zinaa wasiyokuwa nayo.

Mkojo wa rangi ya chai kwa mtoto aliyevimba uso, wiki 1 hadi 3 baada ya kuugua koo au wiki 3 hadi 6 baada ya vidonda vya ngozi, ni wa figo: apimwe presha, protini na kreatinini (taka ya damu inayoonyesha kama figo zinachuja vizuri). Maumivu makali ya ubavuni yanayoshuka kinenani ni ya mawe ya figo. Selimundu nayo huweza kutoa damu kwenye figo.

Ninalosisitiza zaidi ni hili: mtu aliyezidi miaka 40 anayekojoa damu bila maumivu achukuliwe kuwa na saratani hadi vipimo vikanushe, hasa akiwa mvutaji wa tumbaku au aliyeishi na kichocho miaka mingi. Damu ya saratani hukoma yenyewe kwa wiki au miezi, mgonjwa akadhani dawa za UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) zimemponya. Ultrasaundi ifanywe kibofu kikiwa kimejaa, lakini uvimbe mdogo huweza kuikwepa. Kinachohitajika ni kamera ya ndani ya kibofu, kwa rufaa ya hospitali kubwa kama Bugando, Mwanza. Uvimbe wa juujuu hukwanguliwa kwa kifaa kinachopitishwa kwenye mrija wa mkojo. Ukishaingia kwenye msuli, kibofu huondolewa au hupigwa mionzi. Dawa za kuyeyusha damu zisiwe kisingizio cha kutotafuta chanzo.

Mabonge ya damu yakiziba mkojo, usinywe maji mengi nyumbani ukitumaini yatasukumwa. Kibofu kitazidi kujaa. Hospitali huweka mpira wa mkojo wenye njia tatu na kukiosha kibofu kwa maji ya chumvi hadi yatoke meupe. Na majeruhi wa bodaboda mwenye damu kwenye ncha ya uume asiwekwe mpira kwa nguvu, kwani mrija uliochanika nusu huweza kukatika kabisa. Mrija upigwe picha kwanza.