Tairi, chupa na kanga kuukuu: yanayosemwa kuhusu mapambo ya kujitengenezea, na ukweli wake

Kiti cha tairi kilichozungushiwa kamba ya katani si kitu cha ajabu tena kwenye baraza za Dar es Salaam na Mombasa. Chupa iliyogeuzwa taa, rafu ya vitabu iliyotokana na mbao za paleti (jukwaa la mbao la kubebea mizigo), kanga ya bibi iliyotundikwa ukutani: vyote vinatengenezeka nyumbani, na vikitengenezwa vizuri hupendeza kuliko vingi vinavyouzwa madukani. Ninachokipinga ni maneno yanayoenezwa pamoja navyo. Video ya dakika moja inaonyesha tairi lenye tope mwanzoni na kiti safi mwishoni. Katikati yote yamekatwa: kuosha, kupiga msasa, kungoja gundi ikauke, pamoja na hatari zake. Mtu anaiga, kazi inamharibikia, anajiambia hana mkono wa ufundi. Mkono anao. Hakuambiwa tu alichoshika ni kitu gani, kimetoka wapi na kinataka nini.

"Kitu cha kuokota hakina gharama"

Tairi lenyewe unaweza kupewa bure na fundi wa pancha, hilo ni kweli. Gharama iko kwenye nguo utakayolivisha. Chukua tairi la gari dogo lenye kipenyo cha sentimita 60 na upana wa sentimita 18. Unakata plaiwudi mbili za duara, moja ya juu na moja ya chini, unazifunga kwa skrubu, kisha unaanza kuzungusha kamba kutoka katikati ya duara la juu ukielekea ukingoni. Kamba yenye unene wa sentimita 1 itatumika mita 28 kwenye duara hilo la juu tu. Kushuka ubavuni kutakula mita 34 nyingine. Hizo ni mita 62, na hujaweka akiba yoyote.

Anayekadiria kwa macho hununua mita 20 na kubaki na kiti nusu. Wiki inayofuata anaongeza kamba ya robota jingine, yenye rangi iliyopishana kidogo na ya kwanza, na pale zilipoungana panaonekana miaka yote kiti kitakapokuwapo. Hesabu haihitaji shule kubwa: tafuta eneo unalotaka kulifunika kwa sentimita za mraba, gawanya kwa unene wa kamba kwa sentimita, utapata urefu wa kamba kwa sentimita. Nunua yote siku moja, kutoka robota moja.

Plaiwudi ya chini nayo wengi huiacha ili kubana matumizi. Mpira wa tairi ukikaa juu ya vigae kwa muda mrefu huacha doa jeusi ambalo sabuni hailiondoi.

"Tairi likipakwa rangi tayari ni chungu cha maua"

Hapa nitakaa zaidi, kwa sababu jambo hili linagusa afya ya nyumba nzima na ya jirani pia. Tairi lina mkunjo kwa ndani, na mkunjo huo hushika maji ya mvua hata tairi likiwa limelazwa, limesimamishwa au limetundikwa ukutani. Mbu wa jamii ya Aedes, anayeeneza homa ya dengue ambayo wengi wetu tunaijua kama kidingapopo, anapenda maji ya namna hiyo hasa: machache, yaliyotulia, yenye kivuli. Dar es Salaam ilipata milipuko ya ugonjwa huu mwaka 2014 na tena mwaka 2019. Mbu huyu huuma mchana, kwa hiyo chandarua cha usiku hakimkingi mtoto anayecheza uani saa kumi jioni.

Wengi hudhani kumwaga maji kunatosha. Hakutoshi. Jike hubandika mayai kwenye ukuta wa chombo, juu kidogo ya usawa wa maji, na mayai hayo yanaweza kukaa makavu kwa miezi kadhaa yakingoja mvua. Yakipata maji kwenye joto letu la pwani, kutoka yai hadi mbu anayeruka ni kama siku 7 hadi 10. Tairi la maua likishika maji lazima lisuguliwe kwa brashi ndani, kila wiki, na nani ana muda huo?

Njia iliyo bora ni kuuondoa mkunjo wenyewe. Ubavu wa tairi la gari dogo hukatika kwa kisu kikali kinacholoweshwa maji ya sabuni mara kwa mara. Usijaribu kukata sehemu inayokanyaga barabara, maana ndani yake mna nyuzi za chuma, na zikitokeza zinachana mkono. Ukishaondoa ubavu wa juu, toboa matundu kwa keekee mahali pa chini kabisa ambapo maji yangetuama, tandaza kokoto, kisha jaza udongo mpaka pasibaki nafasi tupu pembeni. Maua yatastawi. Mchicha wa kula mimi ningeupanda kwingine, kwa sababu mpira wa tairi una zinki na kemikali nyingine ambazo sioni sababu ya kuziweka karibu na mboga.

"Paleti ni mbao tu" na "paleti zote zina sumu"

Hizi ni dhana mbili zinazopingana, na zote mbili zinajibiwa na mhuri uliogongwa ubavuni mwa paleti. Paleti inayovuka mipaka ya nchi huwa na mhuri wenye alama ya suke na herufi IPPC. Tafuta herufi mbili zilizo kando yake. HT maana yake mbao zilipashwa joto mpaka kiini chake kikafika nyuzi 56 za sentigredi kwa dakika 30, ili wadudu wafe bila kemikali. MB maana yake zilifukizwa kwa gesi ya methyl bromide. Hizo za MB usizilete chumbani, wala usizichome kuni.

Mhuri, hata hivyo, hausemi paleti ilibebeshwa nini baadaye. Ukiona doa la mafuta au ukisikia harufu ya dawa ya shambani, iache hata kama ni HT. Ukiona vitundu vidogo vinavyotoa unga laini, wadudu bado wamo ndani na watahamia kwenye kabati lako.

Kubomoa nako kuna siri yake. Misumari mingi ya paleti imesokotwa, haitoki kwa kung'olewa kwa mtaimbo, na mtu akilazimisha anapasua ubao mzuri. Penyeza msumeno wa chuma kati ya ubao na gogo lililoushikilia, ukate msumari wenyewe. Vichwa vinavyobaki kwenye ubao havina ubaya wowote, vinapendeza.

"Kwangua rangi ya zamani yote kwanza"

Ushauri huu hutolewa sana kwa milango, madirisha na viti vya zamani, na unaweza kumdhuru mtoto. Rangi nyingi za mafuta za zamani zilitengenezwa kwa madini ya risasi, hasa zile za manjano, nyekundu na kijani zilizokolea. Ukiisugua ikiwa kavu inageuka vumbi, vumbi linatua sakafuni, na anayetambaa sakafuni ndiye anayetia mikono mdomoni. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi mwilini kinachojulikana kuwa hakina madhara, na madhara makubwa huwa kwenye ubongo wa mtoto.

Kama rangi bado imeshika sawasawa, huna haja ya kuiondoa. Ioshe kwa sabuni, pitisha msasa wa maji ukiwa umeulowesha ili kuua mng'ao tu, paka praima, kisha rangi mpya. Kama inabanduka, ilowanishe kabla ya kuigusa, fanyia kazi nje, watoto wakiwa mbali, na futa kwa kitambaa kibichi badala ya kufagia. Nguo ulizovaa zifuliwe peke yake.

"Chupa hukatwa kwa uzi na moto"

Unafunga uzi uliolowekwa mafuta ya taa, unawasha, unatumbukiza chupa kwenye maji baridi, inakatika. Wakati mwingine inakatika kweli. Mara nyingi inapasuka kwa mshazari, au inaacha ufa usioonekana ambao utafunguka wiki mbili baadaye chupa ikiwa mezani. Kioo hupasuka kwa sababu sehemu moja imetanuka kwa joto huku jirani yake ikinywea, na ufa hufuata mahali palipo dhaifu. Moto wa uzi hauchagui mahali. Kwa hiyo lazima uuchoree ufa njia: pitisha kikata kioo mara moja tu kuizunguka chupa, kisha mwagia mstari huo maji ya moto na ya baridi kwa zamu. Huna kikata kioo? Fundi wa vioo mtaani kwako anacho, na mchoro mmoja haumpotezei muda.

Ukingo uliokatika bado ni wembe. Usugue kwa msasa wa maji ndani ya beseni la maji, vumbi la kioo lisipande puani, na vaa miwani. Hata ukilainika, glasi ya namna hiyo iwe ya kuwekea maua au kalamu. Chai ya moto usiimimine humo.

Tena uchague chupa isiyorudishwa. Zile za soda na bia zinazorudi kiwandani kwa kreti zina kazi yao tayari, huoshwa na kujazwa tena mara nyingi. Kuikata moja ili ujione umeokoa mazingira ni kinyume cha ulichokusudia.

"Yeyusha plastiki jikoni, umwage kwenye kalibu"

Usifanye. Huwezi kujua kwa macho kila kipande ni plastiki ya aina gani, na kipande kimoja cha PVC, plastiki ya mabomba, kikiungua kinatoa gesi ya haidrojeni kloridi inayochoma koo na mapafu. Jahazi la Flipflopi, lililojengwa Lamu kwa plastiki iliyotumika na kuzinduliwa mwaka 2018, lilihitaji mitambo na mafundi wa kazi hiyo. Kinachofaa kuigwa nyumbani ni vazi lake la nje: malapa yapatayo 30,000, yaliyooshwa na kukatwa vipande vya rangi mbalimbali. Malapa mabovu yakisuguliwa vizuri hukatika kwa kisu, hushika gundi ya viatu, na hutoa picha ya ukutani au mkeka wa mlangoni bila moto wowote.

"Ni kuiga Wazungu" au "ni dalili ya umaskini"

Nimesikia yote mawili, wakati mwingine kutoka kwa mtu mmoja. Kaole karibu na Bagamoyo, na Kunduchi, kuna makaburi ya kale ambayo wazee wetu waliyapamba kwa kupachika bakuli na sahani za China kwenye chokaa. Hivyo vilikuwa vyombo vya kulia chakula, na havikuwa vya watu fukara. Kwenye nyumba kongwe za Lamu zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, zimejaa ukuta mzima, na katika zidaka hizo viliwekwa vyombo vya thamani vitazamwe. Mafundi wa Lamu na Zanzibar hutengeneza viti na meza kwa mbao za majahazi yaliyochoka, na mbao hizo hupendwa kwa sababu chumvi na jua vimeacha alama zake. Katambuga za tairi na vibatari vya makopo vilikuwapo kabla ya intaneti. Ukitaka kuona jinsi bati linavyopewa maisha ya pili, nenda kwa mafundi wa mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, au wa Kamukunji, Nairobi, usikilize nyundo. Anayetengeneza pambo kwa kitu kilichotumika yuko ndani ya mila yake, na ana haki ya kuitaka kazi yake iwe nzuri kweli, isiwe ya kusifiwa kwa huruma.

"Loweka kanga kwenye chumvi, haitachuja"

Hii tumerithishwa na watu tunaowapenda, ndiyo maana ni ngumu kuiacha. Chumvi husaidia pale kiwandani, wakati rangi inaingizwa kwenye pamba. Kitambaa kikishatoka huko, chumvi ya jikoni haina tena cha kukifunga. Siki nayo hufaa kwa rangi za sufu na hariri. Kanga ni ya pamba. Rangi inayotoka kwenye kanga mpya ni ile iliyozidi, na dawa yake ni maji baridi mengi, ukisuuza na kubadilisha mpaka yatoke meupe. Kujua kama imekwisha, weka kitambaa cheupe kibichi juu ya kanga, pitisha pasi ya moto, halafu kitazame upande wa chini.

Osha hata kama hutaivaa na unataka kuitundika tu. Wanga unaoifanya kanga mpya iwe ngumu huvutia wadudu, na gundi ya unga wa ngano ambayo wengi huitumia kubandikia huwavutia zaidi. Kwa hiyo usiibandike. Kanga ya sentimita 150 kwa 110 inakaa vizuri kwenye plaiwudi ya 140 kwa 100: pindo linabaki linaonekana pande zote, jina linasomeka, na sentimita tano za kila upande zinakunjwa nyuma na kubanwa kwa pini za stepla ukingoni. Chagua ukuta usiopigwa na jua moja kwa moja, kwa sababu jua huifubaza rangi hata iwe imeshika namna gani, na usiikate hata kidogo. Ikiwa nzima, siku ya harusi ya mjukuu inaweza kushushwa, ikafuliwa, ikavaliwa.