Tenka likilala au meli ikikwama: nani anakuja, na wewe ufanye nini kabla hajafika

Watu wakisikia "maafa ya mafuta" wanawaza bahari nyeusi na ndege waliolowa lami kwenye TV. Huku kwetu mafuta yaliyoua watu wengi ni ya barabarani, na yameua kwa sababu watu waliyafuata. Msamvu pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, Jumamosi asubuhi, tenka limelala, petroli inatiririka, watu na madumu, wengine na bodaboda zao wamesimama tu kushangaa, halafu moto. Zaidi ya watu 100 walikufa, wengine palepale, wengine hospitali ya Muhimbili siku zilizofuata. Sachangwan kule Kenya, Januari 2009, zaidi ya 110. Sange, mashariki ya Kongo, Julai 2010, zaidi ya 230. Nchi tatu, kisa kilekile.

Mimi niko upande wa dharura za kemikali na kila ajali kama hiyo ikitokea nasikia ile kauli ya "tamaa imewaponza". Tuiache jamani. Tamaa ipo, umaskini upo, lakini kikubwa ni kwamba watu hawajui petroli inavyoua. Mtu alishachota dizeli kwenye lori lililopinduka na akarudi nyumbani salama, basi anadhani wese ni wese. Dizeli kwenye hali ya hewa ya kawaida haitoi mvuke wa kutosha kushika moto kirahisi, ila petroli inatoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sasa fikiria jua la Morogoro saa tatu asubuhi. Na huo mvuke huuoni. Ni mzito mara tatu mpaka nne kuliko hewa kwa hiyo haupandi juu kama moshi, unatambaa chini, unaingia kwenye mitaro, kwenye makalvati, unafika kwa mama ntilie mwenye jiko la mkaa hatua nyingi kutoka kwenye tenka, na moto ukianzia kwake unarudi mbio mpaka kwenye tangi. Wewe uliyekuwa katikati na kidumu chako huna pa kukimbilia maana hewa unayovuta ndiyo inayowaka.

Watu wanabishana sana kuhusu simu, eti selfi ndiyo inalipua. Mimi naogopa zaidi anayepiga kiki pikipiki yake ili aondoke na dumu lake, na anayekwangua betri ya lori kwa spana. Cheche za hapo hazina mjadala.

Kwa hiyo umbali. Petroli ikimwagika, hata kama ni kidogo, mita 50 pande zote pasiwe na mtu, na kama ni nyingi, walio upande unakoelekea upepo waondolewe mpaka mita 300. Tangi likishika moto ni mita 800, na hapo hata zimamoto wenyewe wanafikiria mara mbili. Simama upepo unakotoka, uupe mgongo huku unaliangalia tenka, na usikae bondeni.

Ukiwa umeshafika mbali ndiyo piga simu, kwa Tanzania 114 ni Zimamoto na Uokoaji, 112 polisi. Na hapa kuna kitu kidogo ambacho kinatuokolea muda mwingi sana: lile bango la rangi ya chungwa nyuma au ubavuni mwa lori. Kama lipo na unalisoma bila kusogea, tutajie namba zote mbili. Ya juu inaeleza hatari, ya chini inataja mzigo wenyewe. 33 juu na 1203 chini, hiyo ni petroli. 30 na 1202 ni dizeli. Ukiona herufi X mbele ya namba ya juu maana yake maji hayatakiwi kabisa kugusa huo mzigo. Ukisema tu "kuna lori limeanguka linavuja" afisa wa zamu atatuma gari la maji, na si kila kitu kinazimwa kwa maji.

Hili la maji nalisisitiza kwa sababu barabara zetu hazipitishi mafuta peke yake. Mizigo ya migodi inapita hapohapo, ile sianidi ya kuchenjulia dhahabu inayokwenda kanda ya Ziwa, asidi na salfa zinazovuka Tunduma kwenda kwenye shaba ya Zambia na Kongo. Asidi ya salfuriki ukiimwagia maji kidogo inachemka na kukurukia usoni. Sianidi ikikutana na maji, na hasa ikikutana na asidi, inatoa gesi ambayo pumzi chache zinatosha kukulaza, na kuna watu ambao pua zao haziinusi kabisa. Ndiyo maana Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali inataka kemikali ziwe zimesajiliwa, zisafirishwe kwa vibali na madereva wake wawe wamefundishwa. Dreva aliyefundishwa anajua karatasi za mzigo zinakaa wapi kwenye kabini na anajua cha kusema kabla sisi hatujafika, huyo ana thamani kuliko gari la kisasa lililoko kilomita 200.

Sasa upande wa serikali, maana watu wanauliza "serikali ilikuwa wapi". Kwenye tukio kubwa wanafika wengi, polisi wanafunga barabara, zimamoto, Mkemia Mkuu, NEMC kwa ajili ya mazingira, EWURA, wadhibiti wa nishati, kama ni mafuta, ofisi ya mkuu wa wilaya, na juu kabisa Ofisi ya Waziri Mkuu inayoratibu maafa kwa Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022. Shida ni wote kufika halafu kila mmoja anasubiri mwenzake atoe amri, au wote wanatoa amri kwa pamoja. Mpango wa dharura ukiuondolea maneno ya kiofisi ni hayo tu: nani bosi wa eneo la tukio, nani anaongea na waandishi, vifaa viko stoo gani na ufunguo anao nani saa nane usiku. Na mpango ambao haujafanyiwa mazoezi mimi siuhesabu kama mpango, hilo nalisema hata kwenye vikao ambako halipendwi.

Baharini mambo yana mpangilio wa ngazi tatu. Ngazi ya kwanza ni umwagikaji mdogo, bomba la kupakulia limepasuka gatini mfano, mwenye bandari au bohari anaumaliza kwa vifaa vyake. Ya pili nchi inaingia, kwetu Tanzania Bara TASAC, shirika la serikali la mambo ya meli, ndiyo yenye jukumu la uchafuzi unaotokana na meli. Ya tatu ni kuita dunia, na hapo kuna mkataba wa kimataifa wa mwaka 1990 wa kujiandaa na kukabiliana na uchafuzi wa mafuta, OPRC, unaoelekeza kila nchi mwanachama iwe na mfumo wa taifa na njia ya kuomba na kutoa msaada.

Mauritius ndiyo darasa letu la karibuni. Meli ya Wakashio ilipanda mwamba tarehe 25 Julai 2020 karibu na Pointe d'Esny ikiwa na takriban tani 4,000 za mafuta ya kuendeshea injini, haikuwa hata tenka, ilikuwa meli ya mizigo isiyo na mzigo. Mafuta yakaanza kutoka tarehe 6 Agosti. Siku 12 hapo katikati! Bahari ilikuwa mbaya, kweli, lakini siku 12 ni nyingi kuita ngazi ya tatu, na serikali ilitangaza dharura ya mazingira tarehe 7 wakati maji ya pwani yameshakuwa meusi. Takriban tani 1,000 zilimwagika. Wananchi wakashona uzio wa kuelea kwa majani ya miwa, wengine wakatoa nywele zao, na ulisaidia, ila kila kilichogusa mafuta kinakuwa taka hatari inayohitaji pa kuwekwa. Taka kuzidi mafuta yenyewe mara 10 si ajabu.

Mafuta yanayoelea yanafuata mkondo wa maji kwa kasi yake yote, na yanabebwa na upepo kwa kama asilimia 3 ya kasi ya upepo. Tukijua kusi inavuma kiasi gani tunaweza kukadiria yaliyomwagika Mjimwema, pale Kigamboni, Dar es Salaam, yatafika wapi kesho asubuhi. Hapo ndipo uamuzi mgumu unakuja kwa sababu uzio hautoshi pwani yote. Mimi nazungushia mikoko kwanza, ufukwe wa mchanga wa hoteli naacha upigwe. Wenye hoteli watapiga kelele na wana haki, lakini mchanga unazolewa kwa makoleo na watalii wakarudi, mkoko ukishalowa kwenye mizizi yake ya kupumulia unakufa na kamba na kaa wanaozaliwa pale wanapotea kwa miaka.

Na tafadhali wavuvi, msimwage sabuni ya unga juu ya mafuta. Hayaondoki, yanavunjika matone madogo yanayochanganyika na maji na kuwafikia samaki na matumbawe. Hata dawa rasmi za kutawanya mafuta huwa haziruhusiwi hivihivi kwenye maji mafupi.

Mwisho pesa, maana hapa watu wetu wanapoteza sana. Aliyemwaga analipa kupitia bima ya meli, na kama ni meli ya tenka iliyobeba mafuta mazito kama ghafi kuna mfuko wa kimataifa wa fidia wa 1992 ambao Tanzania na Kenya ni wanachama. Mfuko haulipi kwa huruma, unalipa kwa karatasi. Mvuvi akisema tu "nilikuwa napata samaki wengi" ana kazi ngumu kulipwa, mwenye daftari la BMU, kikundi cha wavuvi cha kusimamia ufukwe, linaloonyesha kilo za kila siku na bei ya mnadani ana nafasi kubwa zaidi. Kwa hiyo daftari lianze sasa wakati bahari ni safi, liwe na tarehe na jina la chombo, na ukiona mafuta yanakuja piga picha nyavu zako na ufukwe kabla hayajafika, kisha piga tena yakishafika. Usitupe nyavu iliyolowa hata kama inanuka, ifunge kwenye gunia na uandike tarehe juu yake mpaka mtathmini aione.