Mtandao wa Mawasiliano katika Biashara ya Kilimo: Maana Yake

Mtandao wa mawasiliano katika biashara ya kilimo ni jumla ya njia zinazosafirisha habari kati ya shamba, soko, ghala na bandari, pamoja na huduma zinazopitia njia hizo. Wengi wakisikia neno mtandao hufikiria intaneti peke yake, na hapo ndipo hasara huanzia, kwa kuwa intaneti ni njia moja tu miongoni mwa kadhaa.

Tumfuate mkulima wa maembe ya ngowe kule Kwale, anayetaka kujua bei ya soko la Kongowea, Mombasa, kabla hajakodi gari. Simu yake ni kabambe, yaani ile ndogo ya vibonyezo. Akibonyeza nyota, tarakimu chache na alama ya reli, orodha hujitokeza kwenye kioo: hiyo ndiyo USSD, ambayo haihitaji bando wala simu ya bei ghali. Hata hivyo, ni mazungumzo ya papo kwa papo kati ya simu na kompyuta ya mtoa huduma, na mkulima akikawia kujibu, hukatika na kumlazimu aanze upya. Ujumbe mfupi hauko hivyo: simu ikizimwa, hutunzwa kituoni na kufika itakapowashwa, ijapokuwa nafasi yake ni herufi 160 tu. Ndiyo maana kuulizia bei kunafaa USSD, ilhali uthibitisho wa malipo, kama ule wa M-Pesa iliyoanza mwaka 2007, hufika kwa ujumbe mfupi, nao mtu huweza kuurejea siku dalali anapobisha.

Ndani ya shamba hali hubadilika. Kifaa cha kupima unyevu wa udongo hutuma tarakimu chache mara chache kwa siku, na kukifungia laini ya data ni kukimalizia betri bure. Hapo hufaa teknolojia ya redio kama LoRaWAN, yenye kasi ndogo sana ya kupitisha data, lakini inayofika kilometa kadhaa huku betri ikidumu miaka.

Mjini Mombasa mambo ni mapana zaidi. Mikongo ya baharini ya TEAMS na SEACOM, yaani nyaya za intaneti zipitazo chini ya bahari, ilianza kazi hapa mwaka 2009, na mnada wa chai wa Mombasa, ambao kwa miaka mingi wanunuzi walikaa ukumbini wakitaja bei kwa sauti, ulihamia kwenye mfumo wa kielektroniki mwaka 2020. Lakini mkongo huishia mjini. Kasi yake humfikia mkulima hasa kupitia minara ya simu, na mnara ukiwa mbali, picha ya jani lenye ugonjwa haiendi.

Kwa hiyo, chama cha ushirika kinachouziwa programu ya simu kinapaswa kuijaribu shambani kwenyewe, si ofisini, na kuangalia iwapo uzito wa mavuno ulioandikwa pasipo mawimbi unabaki ndani ya simu hadi karani arudi barabarani penye mawimbi, au unapotea.