Je, wajua tarehe ya Karva Chauth hupatikanaje?

Mwaka 2023 Karva Chauth, siku ya saumu ya Kihindu, iliangukia tarehe 1 Novemba. 2024 ikawa 20 Oktoba, 2025 ikarudi hadi 10 Oktoba, na 2026 inaruka mpaka 29 Oktoba. Kwa wake wa Kihindu wa kaskazini mwa India, wanaofunga siku hiyo bila hata tone la maji wakiwaombea waume zao umri mrefu, hakuna kilichohama: ni chauth, yaani ya nne, baada ya mwezi mpevu, katika mwezi wa Kartik wa kalenda ya Kihindu. (Kalenda ya Kigujarati huuita mwezi huo bado Aso, kwa kuwa hubadilisha jina mwezi unapoandama, si unapokuwa mpevu. Siku ni ileile.)

Ugumu uko kwenye hiyo "ya nne". Inayohesabiwa ni tithi: muda ambao mwezi hutumia kuachana na jua kwa nyuzi 12 zaidi angani. Mwezi ukiwa karibu na dunia hukimbia, ukiwa mbali hujikokota, hivyo tithi moja huisha kwa saa 19 hivi na nyingine hufika 26. Tena huanza saa yoyote, hata usiku wa manane.

Sikukuu nyingi za Kihindu hufuata tithi iliyopo jua linapochomoza. Karva Chauth hungoja mwezi uchomoze, kwani ndio wa kufuturia: mke huutazama kupitia chekeche, huutolea maji, humtazama mumewe, ndipo anywe.

Mwaka 2024 unaonyesha tofauti hiyo vizuri. Kwa saa za India, tithi ya nne ilianza saa 12:46 asubuhi ya 20 Oktoba, Delhi jua limeshatoka, ikaisha saa 10:16 alfajiri iliyofuata, jua halijatoka. Haikukuta macheo hata moja! Lakini mwezi wa usiku wa tarehe 20 uliikuta, basi saumu ikawa siku hiyo.

2025 ilikuwa kaidi zaidi. Tithi ilianza saa 4:54 usiku wa tarehe 9, mwezi umeshapanda, ikaisha saa 1:38 usiku wa tarehe 10, wakati mwezi wa Delhi ulichomoza saa 2:13. Siku zote mbili mwezi ulipochomoza haukuikuta. Hapo huchukuliwa siku ya pili.

Na ile miruko mikubwa? Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 hivi, pungufu ya mwaka wa jua kwa 11. Kalenda ya Kiislamu haifidii, ndiyo maana Ramadhani huzunguka misimu yote. Wahindu huongeza mwezi mzima kila baada ya miezi kama 32 au 33: 2023 ilikuwa na Shravan mbili, 2026 ina Jyeshtha mbili.

Kosa la kawaida ni kunakili saa ya Delhi. Tithi huisha kwa wakati mmoja duniani kote, lakini kila mji una saa yake ya mwezi kuchomoza. Mumbai jioni ileile ya 2025 walingoja zaidi ya nusu saa baada ya Delhi kufuturu.